Kozi ya sanaa inakubana? Panga siku zako kwa kinachokauka

Hii naiandika kwa ajili ya wadogo zangu mlioanza kozi ya sanaa hapa Bagamoyo au popote pale, hasa nyie wa uchoraji, ufinyanzi na uchongaji, maana najua ikifika wiki ya sita ya saba hivi ndo mtu anaanza kuona dunia imemgeuka. Kazi za vitendo tatu, nadharia mbili, mazoezi ya ngoma jioni, alafu mwalimu anakuja anasema Jumatatu nataka skechi ishirini. Mi nimepita humo humo na nimemaliza, na kilichoniokoa sio kuamka mapema wala ratiba ya kubandika ukutani, ni jambo moja ambalo nilichelewa sana kulielewa: kwenye sanaa kuna masaa ya mikono yako na kuna masaa ya vitu vyenyewe. Rangi ina saa yake, udongo una saa yake, mbao ina saa yake, na hizo hata ukizibembeleza hazisikii.

Nlijifunza kwa kuumia. Mwaka wa kwanza, semista ya pili, mwezi wa nne, masika imekolea kweli kweli, nilikuwa na picha ya rangi ya mafuta futi tatu kwa mbili, ngalawa inatoka baharini na anga kubwa nyuma yake. Usiku wa Jumatano ndo nikapaka anga mara ya mwisho, bluu nzito, nikaipaka kwa kisu kabisa, nikajiambia kukabidhi ni Jumatatu siku tano zinatosha. Geto langu dirisha moja na lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Jumatatu asubuhi nagusa pembeni, kidole kinatoka na bluu. Sina la kufanya, nikaifunika kanga kuukuu nikapanda nayo bodaboda, kufika nafunua, kanga imeondoka na anga, na pale juu ya tanga la ngalawa yamebaki maua ya kanga, yaani ukisogea karibu unaona mpaka majani yake. Jioni bibi mwenye nyumba alipoiona aliniambia tu, "Pole mjukuu wangu, hii ungeiwahisha." Na alikuwa sahihi kabisa. Nilikesha siku tatu kwa ile picha kwa hiyo huwezi kusema nilikuwa mvivu, ila masaa yale ya kukesha niliyaweka mwishoni wakati yalitakiwa mwanzoni.

Kwa hiyo kabla hujapanga chochote, ijue kwanza saa ya kila kitu unachoshika.

Akriliki ndo rahisi kuliko zote, ukipaka nyembamba ndani ya dakika 10 mpaka 30 umeshaweza kurudia juu yake, ukipaka nene hesabu lisaa au zaidi, na hapa pwani hewa ina unyevu kwa hiyo ongeza kidogo. Rangi ya mafuta, ile ya kwenye mirija, hiyo ni habari nyingine. Wengi wanadhani inakauka kama nguo, kwamba ina maji yanaondoka, sio kweli. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanashika oksijeni ya hewani na kugeuka kidogo kidogo kuwa utando mgumu, kwa hiyo inachohitaji ni hewa inayopita na mwanga, ukiifungia kwenye chumba kisicho na hewa na chenye giza inakaa tu inakuangalia. Tabaka jembamba linaweza kuchukua siku mbili tatu, lingine wiki na zaidi, inategemea na rangi yenyewe. Kahawia za udongo kama umba zinakauka haraka kwa sababu zina manganizi ndani, nyeupe ya titani na nyekundu za kadmiamu zinakawia sana. Ukishajua hilo unapata akili mbili: tabaka la chini unaliweka umba na unaliweka jembamba, yenye mafuta mengi inakuja juu mwishoni, ukigeuza inakuja kupasuka, na pili zile rangi zinazokawia unazipaka mapema, huziachi zikawa za mwisho kama nilivyofanya mimi na lile anga.

Enameli, zile rangi za mkebe, zinashikika ndani ya masaa machache ila kurudia juu ni bora usubiri mpaka kesho yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo wake wa kuchora kule Dar mwaka 1968 alitumia rangi za namna hiyo kwenye vibao, na ukiwaangalia mafundi wa mtindo ule mpaka leo wanavyofanya kazi utaona kitu cha kuiba: hawakai na kibao kimoja wakisubiri. Wanapaka mandharinyuma ya vibao kadhaa kwa mkupuo, wanavipanga, wakifika cha mwisho cha kwanza kishakauka. Hakuna aliyekaa na brashi mkononi anapuliza. Mwanafunzi mwenye kazi tatu anatakiwa aishi hivyo hivyo.

Udongo ndo unaua watu. Chungu cha ukuta mwembamba kinaweza kikakauka kwa wiki moja, lakini kichwa cha mtu au sanamu yenye sehemu nene hesabu wiki mbili na unaifunika nailoni legelege ili isikauke nje ndani kukiwa kubichi, maana ikikauka bila usawa inapasuka. Kabla hujapeleka kwenye tanuri iweke shavuni. Sio mkononi, mkono umezoea, weka shavuni. Ukihisi ubaridi bado ina maji ndani, irudishe. Maji yakifika nyuzi joto 100 yanakuwa mvuke na mvuke unatafuta pa kutokea, usipopapata unapasua kazi yako na kazi ya mwenzako aliyewekwa jirani, na hapo sasa umekula muda wa watu wawili. Alafu tanuri lenyewe, kuchoma ni siku nzima na kupoa ni siku nyingine, usilifungue kwa haraka vyungu vinapata ubaridi wa ghafla vinatoa nyufa.

Plasta ya jasi inashika ndani ya nusu saa, ila kukauka kabisa ni siku kadhaa. Batiki kila rangi ni nta, kuchovya, kuanika kivulini, nta tena, kwa hiyo rangi tatu usijidanganye kwamba ni jioni moja. Mbao mbichi inapasuka ikikauka, inunue mwanzo wa semista, pakaza gundi ya mbao au nta kwenye ncha zote mbili maana huko ndo unyevu unakotokea kwa kasi, iweke kivulini uisahau. Na wale wa mpingo, masaa uliyozoea kwenye mninga usiyahamishie kwenye mpingo, ule mti ni mgumu mno, kunoa patasi peke yake ni kazi ya kuihesabu.

Hesabu kutoka mwisho kuja leo

Ukishazijua saa za vitu sasa unachukua kalenda na unaanza na siku ya kukabidhi unarudi nyuma, huanzi na leo kwenda mbele. Nakupa mfano ulivyo. Tuseme leo Jumatatu tarehe 3, kukabidhi Ijumaa tarehe 28, una kichwa cha udongo, picha ya mafuta na insha ya kurasa nane.

Tarehe 27 ni kutundika na kuandika vibandiko, hamna brashi siku hiyo. Kichwa kinatoka kwenye tanuri tarehe 26, kinaingia tarehe 24, kinahitaji wiki mbili za kukauka, kwa hiyo kufinyanga lazima kuishe tarehe 9. Picha, tabaka la mwisho lisivuke tarehe 17 ili libaki na siku kumi na moja, la katikati tarehe 11, la kwanza la umba tarehe 6. Ukiangalia vizuri utaona kitu: wiki ya kwanza, ile ambayo kila mtu anasema bado mapema, ndo wiki yako nzito kuliko zote. Tarehe 4 mpaka 9 unafinyanga na humo humo katikati unaweka tabaka la kwanza la picha. Alafu wiki ya pili na ya tatu, wenzako wanapoanza kuchanganyikiwa, wewe vitu vyako vinajifanyia kazi vyenyewe huko kwenye shelfu na unakaa kimya unaandika insha. Insha haikauki. Insha unaweza kuimalizia tarehe 25 usiku na hamna atakayejua.

Anayepanga kwa kuangalia dedilaini ataanza na insha kwa sababu inamtisha, au na picha kwa sababu anaipenda. Anayepanga kwa kukauka anaanza na udongo, hata kama haupendi. Mimi udongo sikuupenda hata siku moja na kila semista nilianza nao.

Tanuri mnashirikiana darasa zima kwa hiyo ukishapata tarehe yako siku hiyo hiyo nenda ukaandikishe nafasi, ukisubiri kazi ikauke ndo ukaandikishe utakuta foleni.

Tatizo lingine ni kwamba makadirio yetu wenyewe ni mabovu. Sio wewe tu, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika hili mwaka 1979, kwamba binadamu akipanga kazi anaiona ikienda kama anavyotamani, haangalii zile za nyuma zilichukua muda gani kweli. Dawa yake niliyoitumia ni daftari dogo la shilingi chache. Kila kazi unagawa ukurasa, kushoto unaandika kabla hujaanza nadhani itachukua masaa mangapi, kulia ukimaliza unaandika ilichukua mangapi. Usimwonyeshe mtu, ni yako. Baada ya mwezi mmoja nikaona uchoraji wangu natakiwa nizidishe mara moja na nusu, uchongaji mara mbili kamili, kuandika nilikuwa napatia. Tangu hapo mtu akiniambia hii ni kazi ya masaa manne, kama ni ya kuchonga naandika nane na nalala bila wasiwasi. Zako zitakuwa tofauti, lakini bila kuandika hutazijua, utabaki kila semista unashangaa.

Siku yenyewe

Hapa kwetu mchana haubadiliki sana mwaka mzima, jua linachomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 40 hivi asubuhi, linazama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni. Hiyo ni bahati kubwa kwa mchoraji, watu wa Ulaya kipindi cha baridi wanapata mwanga masaa machache tu kwa siku. Kwa hiyo kazi ya rangi iweke kwenye mwanga, na mwanga mzuri ni saa 2 mpaka saa 5 asubuhi. Ukichanganya rangi usiku chini ya balbu ya njano unaona umepatia, asubuhi unakuta kijani imekuwa kitu kingine na unarudia, hapo umeshapoteza mara mbili, muda na rangi yenyewe ya pesa. Na umeme nao ukikatika saa 3 usiku rangi ziko kwenye paleti utafanyaje.

Saa 7 mpaka saa 9 mchana joto la hapa mnalijua, jasho linadondokea kwenye karatasi, kichwa kizito. Mi muda huo nilikuwa sipigani nao. Nakula kwa mama ntilie, narudi, naandaa: nakata kanvasi, napaka praima, nanoa patasi, nasafisha brashi, naloweka udongo, kazi za mkono ambazo hazihitaji akili nyingi. Ukifanya hivyo kesho saa 2 asubuhi unakaa unaanza moja kwa moja, na ule mwanga wa asubuhi hauupotezi kutafuta mkebe wa thina. Usiku ni wa nadharia na kupiga msuli.

Kuhusu saa, nilikuwa situmii simu. Nilikuwa naishi Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo, msikiti uko karibu, adhana ya alfajiri naamka, ya adhuhuri naweka brashi chini hata kama nimefika pazuri, ya alasiri narudi kwenye kazi ya pili, ya isha nafungua desa, yaani notsi za kusoma. Hata wasio Waislamu, wenzangu wengi walikuwa wanafanya hivyo hivyo, ni saa ambayo haikuombi uifungue na ukiifungua ikakuonyesha meseji kumi na nane. Simu nilikuwa namwachia bibi mwenye nyumba asubuhi, namsalimia, "Shikamoo bibi, naomba unishikie," anaijua kazi yake, hata nikija kuiomba saa 4 ananiuliza, "Umemaliza?" Mtafute mtu kama huyo. Mtu mzima unayemheshimu anakulinda kuliko programu yoyote ya kufunga simu.

Kuna ile njia ya dakika 25 kazi dakika 5 kupumzika, Francesco Cirillo wa Italia aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akitumia kile kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya. Kwa masomo ya nadharia ni nzuri sana na naitumia mpaka leo. Kwa uchoraji usiitumie, dakika 25 ndo kwanza jicho linaanza kuzoea, ukikatisha hapo unaanza upya kila mara. Kwenye rangi simama tabaka likiisha, kwenye kuchonga simama patasi ikianza kuwa butu, nenda kanoe, hayo ndo mapumziko yako.

Zile skechi ishirini

Skechi zinaonewa sana, watu wanazichora zote Jumapili usiku kutoka kwenye picha za simu na walimu wanajua, mstari uliochorwa kutoka kwenye simu umelala. Mi nilizigawa tatu tatu kwa siku, dakika ishirini, natoka darasani napitia soko la samaki pale ufukweni. Lakini ili usipoteze muda pale lazima ujue maji. Ukitaka kuchora majahazi na mashua zimelala mchangani ubavu mmoja, mkeka wa nyavu pembeni, nenda maji yakipwa. Ukitaka watu wanapokea samaki, mnada, wamama na ndoo, nenda boti zinapoingia. Na maji hayaji saa ile ile, kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo jahazi ulilolichora saa 8 mchana leo katika hali fulani ya maji, kesho hali hiyo utaikuta karibu saa 9 kasoro dakika 10, na keshokutwa ni saa 10 kasoro dakika 20. Wenzangu walikuwa wanarudi saa ile ile wanakuta maji yamefika kwenye usukani wanakasirika wanaondoka. Muulize mvuvi yeyote pale, "Baba shikamoo, kesho maji yatapwa saa ngapi?" atakwambia bila kuangalia popote, na atakwambia kama ni bamvua au maji mafu, bamvua linafika na mwezi mwandamo na mwezi mpevu na hapo maji yanarudi mbali sana, unaona mpaka sehemu za ufukwe ambazo siku nyingine huzioni. Siku za bamvua nilikuwa nachora skechi nane mpaka kumi kwa mkao mmoja, zinanibeba wiki nzima.

Kazi za kundi, mjomba na msimu wa tamasha

Wale mnaochanganya na ngoma au maigizo, jueni kwamba kundi linakula muda kuliko mtu mmoja. Mkikubaliana saa 10 alasiri watu watatu watafika saa 10, wengine saa 11 kasoro. Kilichotusaidia sisi tulikubaliana kwamba waliofika wanaanza, sio kusubiri, mnaanza kupasha mwili na wimbo wa kwanza, anayekuja anakuta kazi imeshaanza na baada ya wiki mbili aibu inamleta mapema. Na kipindi cha mvua ngozi za ngoma zinalegea, lazima ziote moto kwanza ndo zitoe sauti, sasa mkianza kuwasha moto saa ya mazoezi mmepoteza nusu saa watu kumi na tano mmekaa. Apangiwe mtu mmoja kwa zamu, awahi, aanze na moto.

Kazi za nje nazo. Ukishaonekana unachora utaletewa vibao vya saluni, picha ya marehemu babu, ukuta wa mgahawa, na hela unaihitaji, sikukatazi. Ila kila kazi ya nje iingie kwenye ile kalenda ya kukauka kama ya darasani na ikikosa nafasi haiingii. Ndugu ndo wagumu kuliko wateja. Mjomba wangu alinipigia wiki mbili kabla ya mitihani anataka picha kubwa ya zawadi ya harusi. Zamani ningekubali alafu nichelewe kote kote, kwake na chuoni. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, hiyo kazi naiheshimu, nikiifanya sasa hivi nitakupa picha mbichi utaiharibu kwenye gari, niache nimalize mitihani tarehe ishirini nikuletee iliyokauka." Akacheka akasema sawa mwanangu. Hukumwambia hapana, umempa tarehe, na tarehe ni ya kweli.

Alafu kuna misimu ambayo huwezi kujifanya haipo. Tamasha la Sanaa na Utamaduni hapa Bagamoyo lipo tangu mwaka 1982, na wiki ya tamasha ukiwa mwanafunzi wa sanaa utakuwa jukwaani, nyuma ya jukwaa au umesimama unaangalia vikundi vya kutoka mbali, na ni sawa kabisa uwe huko, kukaa geto unachora wakati ule ni kujinyima darasa kubwa. Sasa ikate hiyo wiki kwenye kalenda tangu mwanzo wa semista, iandike haipo, na ukiweza weka kitu chenye kukauka kirefu kianze siku moja kabla yake. Mi mwaka wa pili nilimaliza kichwa cha udongo usiku wa kuamkia tamasha, nikakifunika nailoni, nikaenda kucheza, narudi wiki inayofuata kiko tayari kufunuliwa kidogo kidogo.

Ramadhani vile vile. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa hiyo ratiba ya mwaka jana hailingani na ya mwaka huu, angalia inaangukia wiki gani ya semista. Wanaofunga kazi ya nguvu kama kukanda udongo na kuchonga wawahi nayo asubuhi bado daku iko mwilini, mchana kaeni na brashi nyembamba na nadharia.

Vifaa siwezi kuviacha. Kwenda Dar kununua rangi ni karibu kilometa 70, kwenda, foleni, Kariakoo, kurudi, siku imeisha. Ukienda mara nne kwa mwezi umepoteza siku nne za mwanga. Sisi tulikuwa watano, mwisho wa mwezi kila mtu anaandika anachohitaji na anatoa hela yake, anaenda mmoja kwa zamu, wanne wanabaki kazini. Na kwenye orodha andika jina la rangi na idadi, usiandike "bluu", utaletewa bluu.

Kukesha

Kuna usiku utakesha, sitakudanganya. Lakini weka mpaka: baada ya saa 4 usiku hamna kushika patasi wala kisu cha kukatia lino, ile linoliamu ya kuchongea chapa. Rafiki yangu wa chumba cha pili alijikata kiganja saa 8 usiku siku tatu kabla ya kukabidhi, nyuzi sita, na ule mkono haukushika kitu kwa wiki tatu. Akala sapu, yaani kurudia mtihani, kwa kazi ambayo ilikuwa imebaki masaa mawili tu. Usiku wa manane unaweza kuandika, kupiga msasa taratibu, kukata vibandiko, kupaka rangi fremu. Kitu chenye makali kinalala na wewe.

Na siku moja kabla ya kukabidhi, ile tarehe 27 ya mfano wetu, hakikisha una misumari midogo, kamba, nyundo ya kuazima umeshaiomba tangu juzi, vipande viwili vya hardbodi na vipande vinne vya mbao vya kuweka kwenye kona ili picha isiguse kitu njiani, na shuka safi ya kufunika juu ya hardbodi. Pita kwenye kila kazi uguse ukingoni kwa kidole kidogo, kile cha mwisho, kisicho na rangi. Kama kidole kimetoka safi zima taa ukalale.